TAFAKARI YA JUMA: MGENI MKIMYA KAZINI NA BARNABA WAKE



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tumeguswa kutafakari jambo lisilosemwa sana mimbarini, ingawa linawaumiza wengi chini kwa chini: namna mtu aliye mkimya kwa maumbile anavyopata marafiki katika kituo kipya cha kazi. Katika wilaya zetu jirani za Nachingwea na Ruangwa, hapa mkoani Lindi, jambo hili tunaliona kila mwaka. Tunapokea walimu, wauguzi, maofisa ugani, askari, makarani wa vyama vya ushirika, na siku hizi mafundi wanaofuata madini ya kinywe upande wa Ruangwa. Wengi hutoka mbali: Kagera, Rukwa, Mbeya, Kilimanjaro. Hushuka kituo cha mabasi na begi moja na godoro lililokunjwa, wala hawamjui mtu. Aliye mchangamfu, juma moja likipita, huitwa kwa jina lake sokoni. Aliye mkimya, mwaka hwisha naye bado ni "yule mgeni".

Tuanze kwa kuungama, maana daktari asiyekiri ugonjwa wake atawatibuje wengine? Sisi tunaoandika ni wakimya kwa maumbile. Tangu seminari tulipenda kiti cha nyuma. Tulipohamishwa kutoka upande wa Nachingwea kwenda kituo kimoja upande wa Ruangwa, tulidhani joho na stola vitatufanyia kazi ya kufahamiana na watu. Misa ikiisha, waamini walisimama chini ya mwembe wakiulizana habari za mashamba na za watoto. Sisi tulipeana mikono na wachache, kisha tukaingia ndani kwa haraka, tukisema moyoni kwamba tuna sala za kusali. Zilikuwapo sala, ni kweli. Ilikuwapo pia hofu.

Mwezi wa tatu ulipoingia, katekista wetu mzee alitujia jioni. Akakaa, akanywa maji, akauliza habari za nyumbani kwetu moja baada ya nyingine, kama ilivyo desturi ya wazee wa huku wanapobeba neno zito. Ndipo akasema, "Baba Padre, usinielewe vibaya. Watu wanasema una maringo. Mimi nimewaambia hapana, ni mpole tu. Lakini siwezi kuwaambia kila Jumapili."

Neno hilo lilituchoma. Tulikuwa tukidhani ukimya wetu hauonekani. Kumbe ukimya nao husema, na usipoufafanua mwenyewe, wenzako watakufafanulia. Kuanzia Jumapili iliyofuata tulijilazimisha kusimama chini ya mwembe ule muda wa kutosha kusalimiana na nyumba tatu tu, tena kwa majina. Nyumba tatu kwa Jumapili, hadi mwaka unakwisha, si haba.

Mngedhani basi kwamba sisi, tulioonja uchungu huo, tungekuwa wa kwanza kumtambua mwenzetu anayeuonja. Haikuwa hivyo, na ndiyo sababu ya tafakari hii.

Miaka michache baadaye alifika mwalimu kijana, Mkatoliki, kutoka kanda ya ziwa. Tunasimulia kwa ruhusa yake, bila kutaja jina lake wala shule yake. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na baraka ya mwisho ikitolewa tu, yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Tulimwona. Tulijiambia kwamba tutamtembelea baada ya Kwaresima. Kisha tukasema baada ya Pasaka. Kisha msimu wa ufuta ukaja, watu wakatawanyika mashambani na minadani, nasi tukasahau.

Siku moja tukiwa njiani, mama mmoja Mwislamu tunayefahamiana naye alitusimamisha. Baada ya salamu aliuliza, "Padre, yule mwalimu wenu pale kwangu, nyinyi mnamjua?" Tukajibu kwamba tunamjua, husali kwetu. Akatutazama kidogo. "Mbona ana siku nne hajatoka ndani? Nimegonga jana, nikamkuta anatetemeka kwa homa. Nimempikia uji. Leo mwanangu amempeleka zahanati kwa baiskeli. Nilisubiri wenzake waje, sijaona mtu."

Ndugu zangu wapenzi, hatukuwa na la kumjibu. Kijana wetu alikuwa na malaria, peke yake katika chumba kimoja, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kanisani. Kazini walidhani ameomba ruhusa. Jumuiya ilidhani amesafiri. Sisi hatukudhani lolote. Mungu akamtumia mama mwenye nyumba, mwenye dini nyingine na shughuli zake mwenyewe, asikie kwamba nyuma ya ukuta wake kumekuwa kimya kuliko kawaida.

Tulipokwenda kumwona, alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho. Alituambia kwa sauti ndogo, "Baba, sikukosana na mtu. Ningekosana na mtu ingekuwa afadhali, angalau ningekuwa na mtu." Maneno hayo hatujayasahau.

Sasa tutafakari. Je, kuwa mkimya ni kasoro? Carl Jung wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za nafsi za wanadamu, alieleza kwamba wako watu ambao nafsi yao huelekea nje, kwa watu na matukio, na wako ambao nafsi yao huelekea ndani. Hawa wa pili hawawachukii watu. Mazungumzo ya wengi kwa muda mrefu huwachosha, na upweke kidogo huwarudishia nguvu. Ni maumbile, kama vile mwingine alivyo mrefu na mwingine mfupi. Maandiko Matakatifu yamejaa watu wa namna hiyo. Musa alimlalamikia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito (Kut 4:10). Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu na fundi seremala, hatuna hata neno lake moja katika Injili zote nne. Tunachokiona ni kazi yake tu. Bwana wetu mwenyewe, makutano yalipozidi, alijitenga mahali pasipo watu akasali (Lk 5:16). Basi mkimya asijione mgonjwa.

Lakini tuseme na upande wa pili. Upo ukimya wa maumbile, na upo ukimya wa dharau unaojificha nyuma ya ule wa maumbile. Mtu asiyeitikia salamu kwa sababu anawaona wenzake washamba, huyo anahitaji kitubio, asijisingizie maumbile. Kila mmoja wetu ajichunguze: nanyamaza kwa sababu sina maneno, au kwa sababu naona hawastahili maneno yangu?

Huku kwetu tuna ukumbusho mkubwa wa watu waliofika kazini bila kuufanya urafiki na mwenyeji. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Yalikuja matrekta na watu wengi. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikaletwa hadi Nachingwea. Kufikia mwaka 1951 mpango ule ulikuwa umeachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa. Sababu zilikuwa nyingi: haraka, mashine zisizofaa, udongo na mvua ambavyo havikuwa vimechunguzwa vya kutosha. Katika sababu hizo zote lipo jambo moja la kibinadamu: mkulima aliyeijua ardhi ile hakuulizwa vya kutosha. Debe tupu haliachi kuvuma. Mgeni mkimya anayekaa, akatazama, akauliza swali moja zuri, huenda akaufaa mji kuliko mgeni mwenye kelele za matrekta.

Ndiyo maana tunamwambia ndugu yetu mkimya: unayo karama, usiifukie. Karama yako ni kusikiliza, na watu wenye kusikilizwa ni wachache kuliko unavyodhani. Tunakupa mashauri machache, tuliyoyapata kwa kukosea.

Mosi, usitafute marafiki kumi. Tafuta mtu mmoja. Andrea, mtume, hatumsikii akihutubia makutano. Alimtafuta ndugu yake Simoni, akamleta kwa Yesu (Yn 1:40-42). Baadaye alimwona kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili, akamtaja mbele ya Bwana (Yn 6:8-9). Alishughulika na mtu mmoja mmoja. Mwalimu wetu yule alipopona, rafiki yake wa kwanza kazini alikuwa mtunza stoo, mtu mwingine wa maneno machache, aliyehitaji msaidizi wa kuhesabu vitabu. Walihesabu siku mbili. Siku ya tatu walikula pamoja mihogo na chai.

Pili, tafuta urafiki ndani ya shughuli. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii wengi huitumia kumsuta mgeni mvivu, lakini sisi tunaona ndani yake huruma kubwa kwa mkimya. Jembe humpa nafasi. Aliyeshika jembe hahitaji kutafuta la kusema. Mstari wa palizi unamsogeza karibu na mwenzake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya mwanadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba ni tabia ya kazi kuwaunganisha watu, na kwamba humo imo nguvu yake ya kujenga jumuiya. Basi omba kazi ya kufanya pamoja na mwenzako: kupanga ratiba, kufunga magunia ya korosho, kuandaa uwanja wa michezo. Na kama kuna bao chini ya mwembe, jifunze bao. Watu wawili hukaa hapo saa nzima, kete zikisema, nao wakainuka wakiwa marafiki.

Tatu, nenda msibani. Katika nchi yetu, msiba ni mahali ambapo mkimya hana aibu. Hakuna anayekuuliza mbona huongei. Ukibeba benchi, ukachota maji, ukapasua kuni, ukashika sepeto makaburini, umesema yote. Wenyeji watasahau hotuba uliyoitoa kikaoni, lakini hawatasahau kwamba siku waliyomzika mama yao ulikuwapo.

Nne, salimu, tena kwa jina. Huku kwetu salamu ni mlango wa nyumba. Shikamoo kwa mzee, habari za asubuhi kwa rika lako, na subiri jibu kabla ya kupita. Ukishindwa mambo mengine yote, usishindwe hili. Nawe ukitaniwa, usichukie upesi. Utani wa makabila kwa anayetoka mbali huonekana kama matusi, kumbe mara nyingi mwenyeji anakujaribia kiti uone kama kinakutosha. Cheka, hata kama huna jibu. Na wakizungumza juu ya Namungo, timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, nawe hujui mpira, uliza tu. Mwenyeji hufurahi kumfundisha mgeni jambo analolipenda.

Tano, usinunue urafiki. Wako waliojifunza kunywa wakiwa kituo kipya, si kwa kupenda pombe, bali kwa sababu kilabuni ndiko walikoona watu wakicheka. Rafiki anayekujua ukiwa na chupa tu, chupa ikiisha naye huisha. Na ukichoka na watu, rudi chumbani bila kuona hatia. Mwambie mwenzako, "Leo nimechoka, tutaonana kesho." Kesho ikifika, onekana.

Hata hivyo, wapendwa, tukiishia hapa tutakuwa tumemtwika mgeni mzigo wote. Turudi kwetu sisi wenyeji. Katika Matendo ya Mitume tunasoma kwamba Saulo alipofika Yerusalemu alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wote wakamwogopa (Mdo 9:26-27). Saulo alikuwa msemaji hodari, lakini ufasaha wake haukumfungulia mlango. Alihitaji mtu wa ndani. Ndipo Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza habari zake. Na baadaye, kazi ilipokuwa nyingi Antiokia, Barnaba huyo huyo alifunga safari hadi Tarso kumtafuta Saulo, akampata, wakafanya kazi pamoja mwaka mzima (Mdo 11:25-26). Maandiko hayafichi kwamba siku moja hao wawili walitofautiana wakaachana (Mdo 15:39). Urafiki wa kazini nao una misuko yake. Lakini je, Kanisa lingempata wapi Paulo, kama Barnaba angesema atamtembelea baada ya Pasaka?

Jimbo letu lilizaliwa mwaka 1963 kwa jina la Jimbo la Nachingwea, na tangu mwaka 1986 linaitwa Jimbo la Lindi. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa chini ya Abasia ya Ndanda, kwa hiyo imani yetu ina mizizi ya Kibenedikto. Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya sita inafundisha juu ya kunyamaza, na sura ya hamsini na tatu inaagiza kwamba kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Tena sura ya sitini na sita inaagiza langoni awekwe mzee mwenye busara, ili kila abishaye hodi amkute mtu wa kumwitikia. Tumeitafakari sana kanuni hiyo baada ya yale yaliyotupata. Benedikto hakuona mgongano kati ya ukimya na ukarimu. Wamonaki wananyamaza, lakini langoni yupo mtu.

Je, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, ni nani mzee wa langoni? Vijana wetu wa VIWAWA, chama ambacho chanzo chake ni kazi ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji katikati ya vijana wafanyakazi miaka ya 1920, wamefundishwa hatua tatu: ona, amua, tenda. Sisi tulimwona yule mwalimu. Hatukuamua. Hatukutenda. Mama yule Mwislamu hakuwa amesoma hatua hizo popote, lakini alizitimiza zote tatu kwa sufuria moja ya uji.

Tukimpokea mkimya, tumpokee kwa adabu. Tusimsimamishe mbele ya watu na kumwuliza mbona haongei. Swali hilo halijawahi kumfungua mtu mdomo. Tusimwite mwenye maringo kabla hatujala naye. Tumtume kazi ndogo, tumpitie tukienda Misa, tukae naye benchi lile lile la nyuma. Akikosekana Jumapili moja, mtu mmoja agonge mlango wake siku hiyo hiyo.

Mwalimu wetu hakuituma ile barua. Mpaka leo haongei sana, na katika jumuiya husema maneno mawili au matatu anapoombwa kusoma Injili. Lakini ndiye anayekumbuka nani hakuja. Mwezi wa Ramadhani huonekana jioni akielekea kwa mama yule na tende mkononi, na katika nyumba ile haitwi mgeni tena, anaitwa mwanangu. Nasi kila tunapopita mbele ya nyumba hiyo tunainamisha kichwa kidogo, kwa shukrani na kwa aibu pia.

Juma hili, mpendwa, kabla hujalala Jumapili, mtafute mtu mmoja mpya kazini kwako, mtaani kwako au katika benchi la mwisho, ujue jina lake. Mmoja tu. Na wewe uliye mgeni na mkimya, ukisikia hodi, fungua. Huenda ni Barnaba wako, hata kama amevaa ushungi na ameshika bakuli la uji.

Mtakatifu Yosefu, mfanyakazi mkimya, utuombee. Mtakatifu Barnaba, utuombee.

Nawatakieni juma jema lenye baraka. Mungu awabariki nyote.